Ilani ya Maji: Somo Nililopata Kando ya Bomba

Mwaka jana nilipochaguliwa katibu wa Chama cha Kiswahili nilidhani nitakuwa mtu wa mijadala na mashairi. Kumbe kazi ya kwanza niliyopewa na naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa kuandika ilani ya maji. Ilikuwa Julai. Kisima cha shule kilikuwa kimeanza kutoa tope, na huku kwetu Ukambani kila mtu anajua mvua ya vuli haiji kabla ya Oktoba, ikiwa itakuja. Wasichana wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakioga kwa kikombe. Lakini ukoka ulio mbele ya ofisi, loo! ulikuwa kijani kibichi kama wa hoteli.

Nikaandika kwa madaha: "Maji ni uhai. Wote mnaombwa kuyatumia kwa njia ifaayo." Nikabandika nakala moja bwaloni na nyingine kwenye bomba la bustani. Juma zima likapita, hakuna kilichobadilika. Nikamwendea mzee anayetunza bustani.

"Shikamoo mzee. Mbona hufuati ilani?"

"Marahaba. Nimeifuata, mwanangu. Hii ndiyo njia ifaayo. Ama wewe ulikuwa na ingine?"

Nilinyamaza. Neno "ifaayo" halina saa, halina siku, wala halina chombo. Kila mtu hulijaza kwa mazoea yake.

Mwalimu mlezi wetu alicheka nilipomsimulia, kisha akatueleza habari za Cape Town, Afrika Kusini. Mji ule hupata mvua yake wakati wa kipupwe, na kati ya 2015 na 2017 mvua hiyo ilikuwa haba mno. Mwanzoni mwa 2018 wakuu wa mji walitangaza kwamba mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, mifereji ya nyumbani itafungwa na watu watapanga foleni kupewa lita 25 kila mmoja kwa siku. Kuanzia Februari 2018 kila mtu alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku. Kutia bustani maji ya mfereji kulipigwa marufuku kabisa. Hata mwenye kisima chake mwenyewe aliruhusiwa kunyunyizia Jumanne na Jumamosi tu, muda wa saa moja, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mji uliokuwa ukitumia takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mnamo 2015 ukafika karibu na lita milioni 500. Mifereji haikufungwa.

Tazameni Kiswahili cha sheria hiyo, wanachama wenzangu. Siku, muda, saa, aina ya maji. Askari anaweza kuisimamia, na mwenye bustani hawezi kusema hakuelewa. Saa zenyewe pia zina sababu: jua la adhuhuri hugeuza maji mengi kuwa mvuke kabla hayajafika kwenye mizizi, na upepo wa mchana huyapeperusha.

Kabla ya kuandika ilani ya pili tulipima. Mpira wetu ulijaza mtungi wa lita 20 kwa dakika moja na nusu. Mzee alikuwa akiufungua saa mbili kila siku. Pigeni hesabu: mitungi 80, yaani lita 1,600, kwa nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzigusa! Yeye mwenyewe alishangaa. "Hakuna mtu alishawahi kuniambia nipime," alisema.

Basi ilani ya pili tuliiandika naye. Mpira usitumike bustanini. Litumike debe la kunyunyizia. Maua yatiwe maji Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, hadi udongo ulowe kwa kina cha kidole. (Hili ni lake mzee. Maji kidogo kila siku huifanya mizizi ikae juu juu, basi siku moja ya jua kali inatosha kuiua.) Chini ya kila mche kuwekwe matandazo ya nyasi kavu. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye maua siku hiyo hiyo kabla hayajanuka, yasipelekwe kwenye mboga. Kuhusu ukoka tuliandika maneno matatu tu: Ukoka usitiwe maji.

Angalieni pia vitenzi. Nilikuwa nimezoea kuandika "kumwagilia" kila mahali, lakini kumwagilia ni kumimina, na kunyunyizia ni kurusha matone. Mtu akisoma "mwagilia" huchukua mpira.

Ukoka ulikauka, siwafichi. Siku ya wazazi ulikuwa rangi ya gunia na mwalimu mkuu hakufurahi. Aliniita ofisini nikaenda na karatasi ya hesabu yetu. Aliisoma kimya, akauliza kama tulipima kweli, nikasema ndiyo, mara tatu. Akanirudishia.

Kisima hakikujaa, ila tope lilipungua na bafu zikapata ndoo moja kwa kila msichana jioni. Kando ya ofisi, palipokuwa na ukoka, mzee amepanda mshubiri, au kiluma kama tunavyouita nyumbani. Hajautilia maji tangu Novemba. Ilani ya kwanza bado iko bwaloni. Hakuna aliyejisumbua kuibandua.