Kupunguza Kitambi Bila Kupoteza Nguvu

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko,

Walinzi, madereva na makarani wa ghala, wanaokaa kutwa, wameota vitambi, na wengine wameanza kujinyima chakula. Tunasema hapana. Mwenye kujinyima hivyo hupungua kweli, lakini hupoteza misuli pamoja na mafuta. Siku ya kupakia magunia mikono hutetemeka. Na mikono ndiyo tunayouza.

Punguzeni donge la enyasa, maana muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Maharagwe na mukene msipunguze: kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi za protini. Njugu ni nzuri, ila zina mafuta mengi, kiganja kimoja chatosha. Chai ya vijiko 4 vya sukari, mandazi, na bia za siku ya mshahara (hapo tunajua mtanuna) ndizo za kukatwa kwanza.

Anayekaa kazini anyanyue kitu kizito mara 2 au 3 kwa juma. Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, wala hainunuliwi dukani. Kupungua nusu kilo kwa juma kwatosha.

Mvuna tumbaku aliyekwisha konda, haya hayamhusu. Yeye tumdaie chakula cha mchana kazini.