Gikomba na Watoto: Kijitabu kwa Familia za Babati Zinazosafiri Nairobi



Barabara inayotoka Dodoma ikapita Babati haiishii Arusha. Inakwenda Namanga hadi Nairobi, na mwenye ndugu huko hufika akiwa na mke, watoto, pengine na bibi. Siku ya pili mtu atasema, "Twendeni Gikomba." Kijitabu hiki kinahusu siku hiyo.

Gikomba iko Kamukunji, mashariki mwa katikati ya jiji, kando ya Mto Nairobi. Ni soko kubwa la mitumba, lakini humo humo mna viatu, samaki, mbao na mafundi wa vyuma. Aliyezoea mnada wa Katesh asidhani anajua msongamano. Mnadani kuna uwanja. Gikomba ni vichochoro, na mkokoteni uliojaa marobota ukishika kasi haurudi nyuma. Ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako, sogea kwanza, kisha ndipo ugeuke kutazama.

Fedha

Nchi zote mbili zinatumia shilingi, na hapo ndipo wageni wengi huumia. Miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban 15 hadi zaidi ya 20 za Tanzania. Ukiambiwa suruali ni mia tano, usiitoe kama mia tano ya Babati. Fanya hesabu kwanza. Wauzaji hutaja bei kwa lugha ya mtaani: soo ni mia, punch ni mia tano, thao ni elfu. Usipoelewa, uliza tu. Kiswahili chako kinatosha, na lafudhi ya Tanzania mara nyingi huleta utani kabla ya kuleta punguzo.

Wakenya hulipana sana kwa simu, lakini usitegemee laini yako ya nyumbani. Badilisha fedha benki au kwenye duka la kubadilishia lenye kibali, si kwa kijana anayelikimbilia basi. Sokoni beba kiasi cha matumizi ya siku hiyo tu. Gawaneni baba na mama, kila mmoja awe na nauli ya kurudi. Pasipoti ziache kwa mwenyeji wako, utembee na nakala. Begi la mgongoni livae kifuani.

Watoto

Watu huonya sana kuhusu wezi. Sisi tunaona hatari kubwa zaidi ni mtoto kupotea, kwa sababu simu iliyoibwa hununuliwa nyingine. Ikiwezekana, mtoto wa chini ya miaka mitano abaki nyumbani kwa mwenyeji. Bibi naye, kama miguu imechoka, asiburuzwe. Hata watu wazima hupotea.

Wanaokwenda, wapigwe picha asubuhi hiyo wakiwa na nguo walizovaa. Ukiulizwa na polisi mtoto alivaa nini, mshtuko hufuta kila kitu kichwani. Andika namba ya mwenyeji wa Nairobi kwenye karatasi, uiweke ndani ya mfuko wake. Usiandike jina lake mgongoni wala kwenye kofia: mtu asiyemjua akimwita kwa jina, atamfuata.

Mfundishe majina yenu. Watoto wengi wa kwetu wanamjua mama kama "Mama Neema", na baba kama "Baba" basi. Polisi wa Nairobi hawawezi kumtafuta Mama Neema. Ajue jina lililo kwenye pasipoti, na ajue kusema ametoka Babati, Tanzania. Kwa mtoto mdogo anayezungumza Kiiraqw au Kigorowa tu nyumbani, mazoezi haya ya Kiswahili yaanze wiki kadhaa kabla ya safari.

Akipotea, asizunguke kuwatafuta. Asimame alipo, na akiona hofu imemzidi, aende kwa mama aliye na meza ya biashara, kwa kuwa huyo haondoki mahali pake. Nanyi wazazi, mmoja arudi mlipomwona mara ya mwisho, mwingine aende mahali mlipokubaliana kabla ya kuingia. Pachagueni nje ya soko, penye jengo linaloonekana kwa mbali. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania vilevile. Polisi wa Kenya ni 999 au 112.

Moto

Gikomba imeungua mara nyingi. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliozuka usiku uliua watu wasiopungua 15. Kabla ya kuanza kuchambua nguo, tazama njia mbili za kutokea. Moshi ukionekana, acheni mizigo.

Kurudi nyumbani

Beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Nguo za ndani za mitumba ziache huko huko. Tanzania imezipiga marufuku. Mzigo ukizidi matumizi ya familia, utangaze mwenyewe forodhani Namanga kabla ya kuulizwa.

Kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka zikiwa tayari njiani: Tanzania hudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Yaani kadi inahitajika wakati wa kurudi kwenu. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote. Nendeni mkachanje kabla ya kukata tiketi.