Njia Panda Isiwe Kaburi

Ajali za njia panda nazo ni kama ugonjwa: zina chanzo na zina kinga. Chanzo kimoja kikubwa ni mwendo kasi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mtoto akikosea kidogo, dereva hawahi kusimama.

Pale TAZARA, Dar es Salaam, daraja la juu lilifunguliwa mwaka 2018 ili magari yasikatizane. Penye fedha kidogo, kipilefti au matuta hupunguza mwendo. Tuyaombe TANROADS kupitia serikali ya kijiji. Nasi tufyeke vichaka vinavyowaficha wavukaji, na tuwafundishe watoto: simama, tazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo uvuke bila kukimbia.