SOMO LA MWEZI: MUSA, YETHRO NA MPAKA WA KAZI

Andiko la kusoma: Kutoka 18:1-27



Mwezi huu tunajifunza juu ya kazi na nyumba. Wengi wetu hapa Gisenyi, siku tuliyopata kazi tulimshukuru Mungu kwa machozi. Mmoja anafundisha, mwingine ni mtafsiri wa shirika, mwingine mlinzi wa hoteli, na mama anavuka Petite Barrière na mzigo wa nyanya kichwani kwenda kuuza Goma. Mkimbizi aliyekaa miaka mingi bila kazi huogopa kusema, "Kwa leo imetosha." Lakini wako watoto ambao baba yao wanamwona akiwa amelala tu. Ziko ndoa zilizookoka vita, na leo zinavunjwa na kazi. Je, wajibu wa kuweka mpaka ni wa nani?

1. Musa alikuwa mkimbizi kama sisi

Musa alikimbia Misri, akapokelewa Midiani, akaoa huko. Mtoto wake wa kwanza alimwita Gershomu kwa sababu yeye alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22). Katika sura ya 18 tunaona kwamba mke wake Sipora na watoto wawili walikuwa wamerudishwa kwa Yethro, baba mkwe wake. Yethro anawaleta jangwani ili familia iwe pamoja tena. Kesho yake tu (mstari wa 13), Musa anaketi kuamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni! Biblia haituambii Sipora alisema nini siku ile. Aliyesema ni mzee Yethro.

2. Hata kazi njema inaweza kudhuru

Musa hakuwa akitafuta fedha. Kazi yake ilikuwa ya Mungu, na watu walimhitaji kweli. Hata hivyo Yethro alimwambia wazi kwamba afanyavyo si vema: atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye (mistari ya 17-18). Watu wale walisimama mchana kutwa wakimngoja mtu mmoja. Anayebeba yote peke yake huwaumiza hata wale anaowatumikia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma wako katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Mwili ulioumbwa na Mungu una kipimo chake.

3. Musa mwenyewe aliamua

Yethro alishauri, kisha akarudi kwao (mstari wa 27). Watu nao hawakuacha kuja kwa kumwonea Musa huruma. Musa mwenyewe ndiye aliyesikia, akachagua watu waaminifu, akawagawia kazi, akabaki na mashauri magumu tu (mistari ya 24-26).

Hapa Rwanda tuna sheria nzuri. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi za serikali ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na moja ya sababu ilikuwa kuwapa wazazi nafasi na watoto wao. Tuzijue haki hizi na kuzidai kwa heshima. Lakini sheria haiingii nyumbani kwako usiku kukuzimia simu. Bosi akiona unapokea saa 4 usiku, atapiga tena kesho.

Hata Ziwa Kivu hupumzishwa. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili sambaza wazaliane. Wavuvi wanajua kwamba asiyepumzisha nyavu leo, kesho atavua maji.

Mtu atasema, "Mchungaji, nikikataa, kuna kumi mlangoni wanaongoja nafasi yangu." Ni kweli. Na mama anayepika alichouza leo hatumtwiki mzigo mwingine. Kwake kanisa lina deni: kumlelea mtoto na kumwinua katika likelemba. Lakini mwenye nafasi hata ndogo, aitumie. Tusimwachie bosi kuamua jambo ambalo Mungu ameliweka mikononi mwetu.

4. Tufanye nini?

a) Kwa juma moja andika saa ulizofanya kazi na saa ulizokaa na jamaa yako ukiwa macho. Uzisome pamoja na mwenzi wako.

b) Chagua saa ya kufunga kazi, na uwaambie mapema wakubwa na wateja wako. Mpaka usiotangazwa haulindwi.

c) Kazi zikizidi, usinyamaze. Sema kwa upole, "Leo naweza kumaliza moja kati ya hizi mbili. Nianze na ipi?"

d) Fundisha mwingine kazi yako. Wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, hili ni letu pia. Mikutano ya kanisa ya kila jioni nayo huwanyima watoto wazazi wao.

e) Linda siku moja katika juma (Kutoka 20:8-11). Yesu mwenyewe, makutano walipozidi kumjia, alijitenga akaomba (Luka 5:15-16). Aliacha wagonjwa wakingoja, na hakutenda dhambi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni kazi gani ninayoibeba peke yangu kwa sababu tu sipendi kumwamini mwingine?
2. Watoto waulizwe, nao wajibu bila kukaripiwa: ni saa gani mnapenda baba au mama awe nyumbani?
3. Nani ni Yethro wangu, na je, nimemsikiliza?

Tuombe: Bwana, umetupa kazi katika nchi ya ugeni, tunakushukuru. Utupe na ujasiri wa kuiweka chini jioni, ili waliookoka pamoja nasi njiani wasitupoteze nyumbani. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu.