Wakala Naye Atiwe Timazi
Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Fundi wa Ujenzi Anayetafuta Kazi Ghuba

Hakuna fundi anayeusifu ukuta kwa kuutazama tu. Anautia timazi, anaweka pimamaji, ndipo anaposema umenyooka. Lakini fundi huyohuyo akisikia kuna kazi Qatar, Dubai au Saudia, anamkabidhi mtu asiyemjua pasipoti yake na akiba ya miaka mitatu, kisa ofisi ina kiyoyozi na picha ya ndege ukutani. Mimi ni fundi wa nondo. Niliingia Doha mwaka 2015 nikakaa miaka sita, na makosa ya siku ya kwanza niliyalipia miaka miwili. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yasichukuliwe kuwa maoni. Yachukuliwe kuwa masharti.

Kanuni inayoyabeba yote ni moja. Wakala wa mafundi huuliza mkono wako unajua nini kabla hajauliza mfuko wako una nini. Anayeanza na mfuko hana kazi ya kukupa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Hakikisha usajili kabla hujaketi kwenye kiti chake.

Tanzania Bara, wakala binafsi wa ajira husajiliwa na Kamishna wa Kazi. Zanzibar ina mamlaka yake ya kazi. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayosajili mawakala na kuweka orodha yao mtandaoni ili kila mtu aione. Nakili jina kama lilivyo kwenye cheti, namba yake na tarehe ya kwisha kwake, kisha uende ukaulize mamlakani. Kwa Tanzania Bara, cheti cha BRELA kinaonyesha kwamba kampuni imeandikishwa, na leseni ya biashara inaonyesha kwamba inaruhusiwa kufungua mlango. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachompa mtu kibali cha kupeleka wafanyakazi nje.

2. Chagua wakala anayeijua kazi ya ujenzi.

Ofisi inayopeleka wasichana wa kazi za ndani, walinzi, madereva na mafundi kwa fomu moja haijui tofauti yao, na isiyoijua tofauti haiwezi kukutetea kwa mwajiri. Msikilize anavyouliza. Anayejua kazi atamwuliza fundi nondo kama anaweza kusoma orodha ya ukunjaji kwenye ramani, nondo ya milimita 16 hupishanishwa kwa urefu gani, na biskuti za nguzo huwa za unene gani. Atamwuliza fundi umeme kama amewahi kufunga fezi tatu. Atamwuliza mchomeleaji anachomelea kwa mkao upi, maana wa bomba lililosimama na wa bati lililolala hawalipwi sawa. Atamwuliza seremala: wewe ni wa mbao za kumwagia zege, au wa milango na makabati? Kwetu wote wawili ni maseremala. Kule Ghuba, hizo ni kazi mbili, na viza mbili.

Wakala akikuuliza umri, dini na uzito peke yake, nyanyuka.

3. Dai kupimwa kwa vitendo.

Mwajiri makini hanunui fundi kwa picha ya pasipoti. Hutuma mtu wake, au humtaka wakala asimamie jaribio: jenga pembe ya tofali, kunja ringi ishirini za kipimo kimoja, unganisha bomba lisivuje. Jaribio hilo linakulinda wewe kuliko linavyomlinda yeye, kwa sababu matokeo yake ndiyo ushahidi kwamba uliajiriwa kwa ufundi. Omba nakala. Ukiambiwa kwamba wewe umeshapita ingawa hukushika hata mwiko, ujue mahali unapopelekwa hakuna anayehitaji ufundi wako.

4. Rasimisha ujuzi wako kwanza.

Wengi wetu tulijifunza chini ya fundi mkuu na hatukukanyaga chuo. Si aibu, ila balozini na kwa mwajiri ujuzi usio na karatasi husomeka kama kibarua. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kenya, NITA hutoa majaribio ya ufundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Tafuta karatasi hiyo kabla ya kutafuta wakala. Mwenye cheti huongea mezani akiwa ameketi wima.

5. Soma kazi iliyoandikwa, tena kwa Kiarabu.

Hapa ndipo nilipoanguka. Mkataba niliousaini nyumbani ulisema fundi nondo. Viza, iliyokuja siku mbili kabla ya safari, ilikuwa na neno moja la Kiarabu nililoweza kulisoma herufi kwa herufi, kwa kuwa nilipita madrasa utotoni, lakini sikujua maana yake: *amil*. Mfanyakazi. Kibarua. Nilifunga nondo miaka miwili kwa mshahara wa mbeba tofali, na nilipolalamika nilioneshwa neno hilo. Wakati ule mtu hakuweza kuhama bila barua ya ruhusa ya mwajiri. Qatar iliondoa sharti hilo mwaka 2020, lakini cheo kilichoandikwa vibaya bado kinamfunga mtu.

Kariri basi. Fundi nondo ni *haddad musallah*. Seremala wa mbao za zege ni *najjar musallah*. Fundi bomba ni *sabbak*, fundi umeme ni *kahrabai*, mwashi ni *banna*, mchomeleaji ni *lahham*. Ukiona *amil* pahali pa jina la kazi yako, usipande ndege. Mpelekee mkataba ustadhi anayekijua Kiarabu kwa maana, asiwe wa kukisoma tu. Mtafsiri wa wakala hafai kwa kazi hiyo.

6. Piga hesabu ya mshahara wa msingi.

Wakala atakutajia jumla. Wewe uliza msingi. Chukua mfano wa dirhamu 1,500 katika Falme za Kiarabu, ambapo msingi ni 800 na posho ni 700. Kiinua mgongo cha huko, kwa aliyetimiza mwaka, ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Kwa msingi wa 800 utapata dirhamu 560 kwa mwaka. Kama 1,500 yote ingekuwa msingi, ungepata 1,050. Nyongeza ya saa za ziada nayo hupigwa juu ya msingi. Anayekupunguzia msingi amekukata mara mbili kabla hujafika.

Kwa Qatar, kumbuka kiwango cha chini kilichoanza Machi 2021: riyali 1,000 za msingi, pamoja na 500 za makazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Hiki ni kiwango cha mtu yeyote, hata asiye na ufundi. Fundi stadi anayeletewa mkataba wa kiwango hicho anatukanwa kwa adabu.

7. Ufuate mkataba mpaka serikalini.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Mtanzania naye aupeleke kwa mamlaka ya kazi kabla ya safari. Upande wa pili, mkataba wa Saudia huingizwa katika mfumo wa Qiwa, na ule wa Falme za Kiarabu hupita katika wizara yao ya kazi. Mwambie wakala akuonyeshe ulivyoingizwa huko, kisha ulinganishe mstari kwa mstari na ule uliousaini.

8. Acha nakala nyumbani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Pasipoti, viza, mkataba, cheti cha ufundi, risiti, jina kamili la mwajiri na namba ya ubalozi wa nchi yako huko uendako: seti moja kwa mama au mke, nyingine kwenye simu, ya tatu mwilini mwako.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usilipe ili upewe kazi.

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inakataza gharama za kuajiri kubebeshwa mfanyakazi. Mwajiri ndiye mwenye shida ya fundi, basi yeye ndiye wa kumlipa wakala. Pasipoti yako utailipia Uhamiaji. Uchunguzi wa afya, ikiwa unaulipia wewe, utaulipia kwenye kituo kinachotambuliwa na mfumo wa Wafid, na utadai risiti yenye jina lako. Pesa inayopita mkononi mwa wakala kwa jina la "kuharakisha faili" haina faili.

Usikope, usiuze kiwanja. Fundi aliyefika Ghuba na deni hawezi kukataa chochote, na hilo mwajiri mbaya analijua.

2. Usiache pasipoti ofisini.

Nakala inatosha kwa mazungumzo. Ikibidi kuitoa kwa ajili ya viza, andikishiana tarehe ya kuitoa na ya kurudishiwa. Hata kule, sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi asipoombwa na mwenyewe kwa maandishi. Wakala wa mtaani kwako ana haki gani ambayo mwajiri hana?

3. Usisafiri kwa viza ya matembezi.

Utaambiwa utabadilishiwa ukifika. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na siku ukianguka kutoka kwenye jukwaa hutakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote, utakuwa mgeni aliyejiumiza. Kataa vilevile ile inayoitwa viza ya *azad*, kwamba utatafuta kazi popote utakapo. Sheria haina viza ya namna hiyo. Kuna kafili, yaani mdhamini, anayeuza jina lake, na siku akikukana unabaki bila karatasi.

4. Usisaini mkataba wa pili.

Mbinu hii ni ya zamani na bado inafanya kazi. Unasaini mmoja nyumbani, unawekewa mwingine mbele yako uwanja wa ndege au kambini saa nane za usiku, ukiwa na usingizi. Ukikutana nao, sema unataka kuusoma mchana, upige picha, uitume nyumbani na ubalozini. Wakala aliyekupeleka ajibu kwa nini iko miwili. Kama hakukuahidi kwa maandishi kwamba atajibu simu yako baada ya safari, hukupaswa kuondoka naye.

5. Usidanganywe kwa jina la mfumo.

Mawakala fulani humwonyesha fundi karatasi yenye neno Musaned na kumwambia kazi imeshapita Saudia. Musaned ni mfumo wa wafanyakazi wa majumbani. Fundi wa ujenzi aliyeandikiwa huko ameandikiwa kuwa mtumishi wa nyumba, na hatakanyaga mtambo wa zege kihalali.

6. Usidanganye ujuzi.

Sharti hili linatuhusu sisi wenyewe. Aliyewahi kubeba mbao asiseme ni seremala. Cheti cha kununua hufichuka siku ya kwanza mbele ya msimamizi, na anayefuata kurudishwa ni fundi wa kweli wa nchi hiyohiyo ambaye hataaminiwa tena. Zaidi ya hayo, jukwaa lililofungwa na asiyejua huua watu wasiohusika na uongo wako.

7. Usimfuate mtu kwa sababu ya undugu.

Shemeji aliyekuletea habari ya kazi si wakala. Binamu anayekusanya pasipoti baada ya swala ya Ijumaa si wakala. Mheshimu, mshukuru, kisha mwulize ofisi iko wapi. Akikasirika, umepata jibu.

8. Usinyamaze kuhusu jua.

Qatar inakataza kazi ya nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Falme za Kiarabu hukataza kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9, na Saudia saa 6 hadi saa 9, zote mbili tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Mwulize wakala mwajiri wake anafuata vipi saa hizo, maji yanatolewaje kazini, viatu na mkanda wa usalama ni vya nani. Asiyejua majibu hajawahi kufika anakokupeleka.

KABLA HUJARUDI KWAKE MARA YA PILI

Ukitoka katika ofisi ya wakala, kaa chini ya mwembe na ujiulize maswali manne. Mwajiri wangu ni nani, kwa jina lake kamili? Kazi yangu imeandikwaje kwa Kiarabu? Mshahara wangu wa msingi ni kiasi gani? Nani anamlipa wakala? Likikosekana jibu moja, usirudi huko mpaka ulipate kwa maandishi. Mimi mwaka 2015 nilifunga mkanda wa kiti cha ndege nikiwa sina jibu hata moja kati ya hayo manne, na nilikuwa nimefurahi.