Wanawake Wawili wa Marekani na Shule ya Kabete

Wasomaji wetu wengi wamepata kusoma habari za George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, na za Abraham Lincoln, ambaye katika siku zake watumwa wa nchi ile walianza kufunguliwa. Lakini wako Wamarekani wengine ambao majina yao hayatajwi sana, na hata hivyo kazi yao ilifika karibu na milango yetu. Leo twasimulia habari za wanawake wawili, mmoja mweupe mwenye mali nyingi, na mwingine mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Mtu akaaye Laiser Hill au Kitengela, akivuka Nairobi mpaka Lower Kabete, atafika mahali palipopandwa mbegu ya kazi yao.

BIBI ANNA JEANES

Anna Jeanes alizaliwa katika mji wa Philadelphia mwaka 1822. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, ndilo lile ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Hakuolewa, na ndugu zake walipokufa mbele yake, mali ya jamaa ilimwangukia yeye.

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani utumwa ulikwisha mwaka 1865, lakini watoto weusi wa mashambani walipewa shule duni kabisa: chumba kimoja, mwalimu mmoja, na mshahara haba. Bibi Jeanes aliona kwamba vyuo vikubwa vina marafiki wengi wa kuvisaidia, bali shule ndogo za vijijini hazina mtu. Kwa hiyo mwaka 1907 alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule hizo. Fedha hizo alizikabidhi kwa Bwana Frissell, mkuu wa chuo cha Hampton, na kwa Bwana Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856, akasoma Hampton, na mwaka 1881 akaanzisha chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama. Mwaka ule ule wa 1907 Bibi Jeanes akafariki dunia.

MWALIMU VIRGINIA RANDOLPH

Fedha pekee hazifundishi mtoto. Alitakiwa mtu wa kuonyesha njia, naye alikuwapo tayari. Virginia Randolph alianza kufundisha katika shule ya Mountain Road, wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, mwaka 1892. Aliikuta shule katika hali mbaya, uwanja ukiwa tope tupu. Akanunua kokoto na chokaa kwa fedha zake mwenyewe, akatengeneza uwanja, akapaka kuta. Pamoja na kusoma na kuhesabu, akafundisha kushona, kupika, kusuka vikapu na kulima bustani. Mwaka 1908 yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12 ya kivuli, wakaipa majina ya mitume.

Msidhani kwamba wazazi walimshangilia mara moja. Wako walionung'unika, wakisema kwamba watoto wao wametumwa shuleni kupata maarifa ya vitabu, wala si kufanya kazi walizokwisha kuzijua nyumbani. Mwalimu Randolph hakugombana nao. Aliwatembelea majumbani mwao, akasema nao kwa upole, hata wengi wakamkubali.

Mwaka 1908 Bwana Jackson Davis, mkuu wa elimu wa wilaya, alimchagua awe wa kwanza katika Marekani yote kufanya kazi ya mwalimu wa Jeanes. Tangu hapo hakuwa na darasa moja tena. Alizunguka katika shule za weusi wilayani mwake, akiwasaidia walimu wenziwe, akiwaunganisha wazazi, na kuandika taarifa ya kila jambo. Taarifa yake ilipigwa chapa na kupelekwa mbali, na majimbo mengine yakaufuata mfano huo. Alifariki mwaka 1958.

MMAASAI KATIKA VIRGINIA

Yafaa tukumbuke hapa kwamba wakati ule ule alikuwako mtu wetu katika jimbo hilo hilo. Mwaka 1909 Molonket ole Sempele, Mmaasai, aliuza ng'ombe wake ili apate nauli, akavuka bahari, akasoma katika shule ya watu weusi huko Boydton, Virginia. Kila ajuaye thamani ya ng'ombe kwa Mmaasai ataelewa jinsi mtu huyu alivyoithamini elimu. Hakungoja aambiwe na mtu ni elimu gani imfaayo. Aliichagua mwenyewe na kuilipia.

SHULE YA KABETE

Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, kuchungua hali ya elimu. Kiongozi wake alikuwa Dakta Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Dakta James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Tume ilishauri kwamba kazi ya walimu wa Jeanes iletwe huku. Ndipo mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, na Bwana Dougall, aliyekuwa katibu wa tume, akawa mkuu wake wa kwanza. Shirika la Carnegie la Marekani lilisaidia kwa fedha.

Walimu walikuja pamoja na wake zao na watoto wao. Mume alijifunza kusimamia shule ndogo za misheni, kilimo bora na usafi. Mke alijifunza malezi ya watoto, upishi na ushonaji. Kisha walirudi kwao, nyumba yao na shamba lao viwe mfano kwa majirani.

JEMBE NA KITABU

Hata hivyo, haki yatudai tuseme neno la pili. Kama vile Dakta Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alivyompinga Bwana Washington mwaka 1903, akisema kwamba mafunzo ya kazi za mikono pekee yatawaweka watu weusi chini, ndivyo Waafrika wengi wa Kenya walivyoshuku. Waliuliza: mbona mtoto wa Mzungu hufundishwa sheria na udaktari, na wetu afundishwe jembe? Swali hilo lilikuwa la haki. Kwa sababu yake, watu walijichangia fedha wakajenga shule zao za kujitegemea, wapate Kiingereza na elimu ya juu.

Basi kosa halikuwa katika jembe, wala katika sindano. Mwalimu Randolph hakuviondoa vitabu darasani, aliviongezea bustani. Kosa lilikuwa katika kumkatia mtu kipimo cha elimu yake bila yeye kuulizwa. Jembe alilolichagua mtu ni heshima. Alilolazimishwa ni mzigo.

Shule ya Jeanes haipo tena kwa jina hilo. Mwaka 1961 mahali pale pakawa Chuo cha Utawala cha Kenya, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, wanapofundishwa maofisa wa nchi huru. Walipofundishwa walimu wa vijiji, sasa hufundishwa watawala. Na tuwakumbuke wale wanawake wawili: mmoja alitoa mali yake, na mwingine alitoa siku zake. Kijiji kizuri huhitaji vyote viwili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Bibi Jeanes alichagua shule ndogo za mashambani?
2. Mwalimu Randolph aliwashindaje wazazi walionung'unika?
3. Katika shule ya kijiji chenu, nani huamua watoto wafundishwe nini, nanyi wazazi mna neno gani katika shauri hilo?