Mazoezi Salama kwa Wenye Kisukari na Shinikizo la Damu
Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kuwa watu wazima, wakiwemo wenye magonjwa sugu, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa mkazi wa Kilosa au Mikumi, kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano kunatosha kuanzia, baada ya kupimwa katika zahanati iliyo karibu. Kipimo ni pumzi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba.

Mwenye kisukari avae viatu na kukagua nyayo arudipo, kwani ganzi huficha jeraha. Atumiaye insulini abebe sukari. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi ainuapo kitu kizito. Asiyeweza kutembea anyooshe mikono akiwa kitini. Kifua kikiuma, aache mara moja na kuwahi hospitali.